Nyumba hewa na eskro hewa: soma kabla hujatuma dipoziti Uingereza

Tapeli wa nyumba wa siku hizi hakuombi umwamini. Anakuambia usimwamini mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, na ndiyo maana anapendekeza fedha zisipite mikononi mwake. Zikae kwa kampuni ya eskro, mtu wa kati, mpaka utakapofika, uione nyumba na uridhike. Hapo ndipo waliponipata, na hapo ndipo wanapowapata ndugu zetu kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa mwezi wa tisa. Naandika nikiwa bado na machungu, kwa hiyo mtanivumilia nikirudia jambo moja: aliyekuletea mtu wa kati ndiye mwenye huyo mtu wa kati.

Watu wakisikia mwenzao kapigwa husema alikuwa na tamaa ya bei ya chini. Kwenye mtego huu si kweli. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwangalifu, anayeogopa kutuma hela kwa asiyemjua. Woga wako ndio wanaoufanyia kazi.

Tangazo lilikuwa la fleti ya chumba kimoja, kwenye mtandao wa matangazo unaotumiwa na kila mtu, karibu na kituo cha treni, kodi ya chini kidogo tu kuliko nyumba za jirani. Mwenye nyumba alijitambulisha kama mhandisi aliyehamishiwa kazi nje ya nchi. Barua pepe zake zilikuwa na adabu, bila haraka. Alisema wapangaji wawili walishamsafirisha bure kuja kuonyesha nyumba kisha wakaingia mitini, kwa hiyo safari hii anataka mtu aliyeonyesha nia. Mimi niweke dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza kwenye eskro, kampuni izishike, nipewe siku mbili za kukagua nyumba, na nisipoipenda nirudishiwe zote. Akanitumia kiungo.

Tovuti ile ilikuwa na rangi na nembo ya kampuni inayojulikana dunia nzima. Ilikuwa na alama ya kufuli juu kwenye anwani, maoni ya wateja, masharti marefu, na kidirisha cha mazungumzo ambamo binti wa huduma kwa wateja alinijibu kila swali ndani ya dakika chache. Ankara ikaja na namba ya muamala. Akaunti ya kulipia ilikuwa ya jina la mtu binafsi, katika benki ya nchi nyingine ya Ulaya. Nilipouliza, binti akajibu kwamba huyo ni afisa wao wa fedha anayeshughulikia wapangaji kutoka nje. Nilipolipa, ukurasa wangu ukabadilika: maandishi ya kijani yakasema fedha zimepokelewa na zinashikiliwa salama. Yalikuwa maandishi tu. Fedha zilikuwa zimeshaondoka. Siku iliyofuata wakadai bima ya dipoziti, nayo eti ya kurudishwa. Nilipokataa, kidirisha kikanyamaza, na kabla ya wiki kwisha tovuti yenyewe ikawa haifunguki.

Sasa nisikilize vizuri. Katika upangaji wa kawaida Uingereza hakuna eskro. Narudia: hakuna. Dipoziti inalindwa kwa njia nyingine kabisa. Unamlipa mwenye nyumba au wakala, naye ana siku 30 za kuisajili katika mojawapo ya mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali: Deposit Protection Service, MyDeposits au Tenancy Deposit Scheme, na kukupa maelezo ya usajili huo kwa maandishi. Mtu akikutajia eskro kwa ajili ya chumba cha kupanga, neno hilo peke yake linatosha kukufanya ufunge mazungumzo. Huna haja ya kuchunguza nembo wala kupima ukali wa masharti.

Sheria za upangaji ninazozitaja ni za Uingereza yenyewe, yaani England. Uskoti na Welisi zina zao, na tofauti si ndogo.

Kwa atakayetaka kuchunguza hata hivyo, aanze na anwani ya tovuti. Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya jina, kisha soma kuelekea kushoto. Kile kipande kilicho karibu kabisa na mkwaju ndicho kinachokuonyesha mwenye tovuti. Ukiona anwani inayoanza na jina la kampuni kubwa, ikafuatiwa na nukta, kisha maneno mengine kama kodi-salama.net, ujue tovuti ni ya huyo kodi-salama. Lile jina kubwa la mwanzo limebandikwa tu, na mtu yeyote anaweza kulibandika. Kufuli haikuambii tovuti ni ya nani. Inakuambia tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefichwa wengine wasiyaone, na tapeli anaipata kufuli hiyo bure.

Halafu angalia umri. Shirika la ICANN, linalosimamia majina ya tovuti, lina ukurasa wa bure wa kutafuta tarehe jina lilipoandikishwa. Kampuni inayojisifu kuhudumia wapangaji kwa miaka kumi na tano huku jina lake limeandikishwa mwezi uliopita imeshakujibu. Picha za nyumba zipitishe kwenye Google Lens au TinEye, zinazokutafutia picha hiyo imeonekana wapi kwingine. Mara nyingi utaikuta sebule ileile ikiuzwa mji mwingine, au kwenye tangazo la hoteli.

Usiridhike kwa sababu kampuni umeikuta kwenye orodha ya Companies House, msajili wa makampuni wa huku, au kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Matapeli huiba jina, anwani na namba ya usajili ya kampuni halali, wakabadilisha simu na barua pepe tu. FCA wenyewe wanatoa onyo kuhusu kampuni pacha za aina hii. Kwa hiyo chukua namba ya simu iliyoandikwa kwenye daftari la FCA, usichukue iliyo kwenye tovuti uliyotumiwa, upige uulize kama wanakujua. Kwa pauni 7 unaweza pia kuchukua hati ya nyumba kutoka HM Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, kupitia tovuti ya serikali na si wale wanaojitangaza juu ya matokeo ya utafutaji, ukaona jina la mmiliki. Lakini tapeli naye ana pauni 7. Anaweza kulichukua jina hilo na kutengeneza kitambulisho chake. Jina lisipolingana, ondoka. Likilingana, bado hujathibitisha kitu.

Na pasipoti, jamani. Ndugu zetu wanaamini sana pasipoti. "Mbona ametuma kitambulisho chake?" Ile picha ya pasipoti huenda ni ya mtu aliyetapeliwa kabla yako, aliyetuma yake alipoombwa. Na wewe ukituma yako, mwenye nyumba anayefuata atakuwa na sura yako.

Kuna mambo ya nyumbani yanayotufanya tuwe windo rahisi. Tumezoea kumpa dalali hela ya kuonyeshwa nyumba. Uingereza, tangu Juni 2019, ni marufuku kumtoza mpangaji ada hiyo, au ada ya mkataba, au ya kuchunguzwa. Hela ya kushikia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na dipoziti haizidi kodi ya wiki tano pale ambapo kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Tumezoea pia kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo mtu akidai miezi sita hatushtuki. Mshtuke. Kuanzia Mei 1, 2026, sheria mpya ya wapangaji inamkataza mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla upangaji haujaanza. Anayekutaka ulipe nusu mwaka "ili upewe punguzo" haijui sheria au hana nyumba.

Ishara nyingine ni ukarimu. Mwenye nyumba halali wa huku atakuchosha kwa maswali. Kisheria lazima ahakikishe una haki ya kupanga, kwa hiyo atakuomba msimbo unaoutoa kwenye akaunti yako ya viza ya kielektroniki. Atataka barua ya kazi au ya chuo, na mara nyingi mdhamini anayeishi hukuhuku. Yule asiyekuuliza lolote isipokuwa utalipa lini hakutafutii makazi.

Hapa lazima niseme la moyoni kuhusu nchi hii. Mfumo wa mdhamini unawasukuma wageni mikononi mwa matapeli. Kijana aliyetua juzi atampata wapi raia mwenye mshahara mzuri amwekee saini? Ofisi moja inamkataa kwa upole, ya pili vilevile, kisha anatokea "mhandisi" mwenye huruma asiyehitaji mdhamini. Tena huku kila kitu kinaendeshwa kwa barua pepe za heshima, hata kati ya watu wanaoishi mtaa mmoja, kwa hiyo mgeni hawezi kutofautisha adabu ya kweli na ya kuigiza. Nyumbani ungemuuliza mama anayeuza genge pale kona, au mjumbe, nyumba hii ya nani, na kabla ya jioni ungejua hadi ugomvi wa mirathi. Huku jirani anaweza kuishi miaka bila kujua jina la aliye juu yake. Naona ni upungufu, tena wenyeji nao wanaumizwa nao.

Kwa hiyo mtume mtu. Usilipe nyumba ambayo mwenzako hajaingia ndani. Katika miji mingi ya huku utapata Mtanzania au Mkenya, kupitia msikiti, kanisa au kundi la chuo, atakayekubali kupanda basi akafunguliwe mlango. Kutazama kwa simu ya video ni afadhali kuliko picha, lakini kuna matapeli wanaopanga fleti kwa siku chache na kuwaonyesha watu wengi kwa zamu. Mtu wako agonge pia mlango wa jirani na amuulize jirani huyo nyumba ni ya nani. Wakala aonyeshe uanachama wake katika The Property Ombudsman au Property Redress, mashirika yanayopokea malalamiko dhidi ya mawakala, na mpango unaolinda fedha za wateja. Vyote viwili ni lazima kisheria, na uhakiki wewe mwenyewe kwenye tovuti za mashirika hayo. Kama huna mtu, chukua bweni la chuo au chumba cha muda, kisha utafute ukiwa umeshafika.

Wazazi na mashangazi, najua mnasema "lipa mwanangu usije ukalala nje." Ni mapenzi, tunayapokea. Ila msichangishane mkatuma moja kwa moja kutoka nyumbani kwenda akaunti aliyoitaja mwenye nyumba. Mtumieni mtoto wenu, alipe mwenyewe akiwa huku, baada ya kuona nyumba, kwenda akaunti ya benki ya Uingereza, tena asome benki inasema jina la mpokeaji linalingana au la kabla ya kuthibitisha, kama mnavyosoma jina la mpokeaji kwenye M-Pesa. Benki ikisema jina halilingani, asimame hapohapo.

Hilo la akaunti ya Uingereza lina uzito wake. Tangu Oktoba 7, 2024, benki za huku zinatakiwa kumrudishia mtu aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe, hadi pauni 85,000, ila ni kwa malipo yaliyotoka akaunti ya Uingereza kwenda akaunti ya Uingereza. Malipo yaliyokwenda nje hayamo. Ndiyo sababu "afisa wa fedha" wangu alikuwa na benki ya nchi nyingine, na ndiyo sababu wengine wanataka kadi za zawadi au sarafu za kidijitali.

Kama umeshatuma, usisubiri tovuti ijibu. Piga 159 ukiwa Uingereza, utaunganishwa na benki yako kama ni mojawapo ya zile zilizojiunga, na karibu kubwa zote zimo. Omba wajaribu kuzuia fedha. Piga picha za skrini za mazungumzo yote, ankara na anwani kamili ya tovuti kabla haijazimwa. Toa taarifa Report Fraud, kituo cha kuripoti utapeli kilichokuwa kikiitwa Action Fraud, au kwa polisi kwa namba 101 kama uko Uskoti. Barua pepe zao zisambaze kwa report@phishing.gov.uk. Benki ikikukatalia, una haki ya kwenda bure kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya benki, ndani ya miezi sita tangu upewe jibu lao la mwisho. Na uwaambie wenzako kundini siku hiyohiyo, ukiwatajia tovuti kwa jina, kwa sababu tangazo lilelile huwa bado liko hewani likisubiri mwingine.