Namna ya Kutengeneza Kipimo cha Damu cha Kutambua Homa ya Dengi

Kabla ya kuchagua kifaa chochote, amua kipimo chako kitatumika siku ya ngapi tangu mgonjwa aanze homa, kwa sababu kinachopatikana katika damu hubadilika kadiri siku zinavyosonga. Katika siku 5 hivi za mwanzo virusi vyenyewe hutambulika kwa PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi. Protini ya NS1, ambayo seli zilizoambukizwa huimwaga katika damu, huonekana tangu siku ya kwanza hadi takriban ya 7. Ilhali kingamwili za IgM, yaani protini za kinga ambazo mwili hutangulia kuzitengeneza dhidi ya maambukizi, huanza kujitokeza siku ya 4 au ya 5. Kwa zahanati, ambako wagonjwa hufika siku tofauti, napendekeza kipimo kinachounganisha NS1 na IgM.

Kwa upande wa NS1, tafuta kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini hiyo: moja ibandikwe kwenye utepe wa kipimo, nyingine ifungamanishwe na chembe ndogo za dhahabu. Damu inaposambaa juu ya utepe, NS1 ikiwamo, chembe hizo hunaswa na mstari mwekundu hujitokeza. Zijaribu kingamwili hizo mbili dhidi ya aina zote 4 za virusi vya dengi.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye IgM. Virusi vya dengi, Zika na homa ya manjano ni vya jamii moja, hivyo kingamwili za kimoja huweza kushika protini za kingine na kutoa jibu chanya lisilo la kweli. Baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili, kusanya sampuli za waliochanjwa homa ya manjano na waliougua Zika, pamoja na za wagonjwa wa malaria na chikungunya, ambao homa yao hufanana na ya dengi. Damu ya watu wenye afya pekee itakudanganya.

Kisha piga hesabu. Katika wagonjwa 1,000 wenye homa, 20 wakiwa na dengi, kipimo kinachonasa asilimia 90 ya wagonjwa kitawapata 18. Lakini kikikosea kwa asilimia 5 tu ya wasio nayo, watu 49 wataambiwa wana dengi bila kuwa nayo.

Katika karatasi ya maelekezo, eleza wazi kwamba jibu hasi haliondoi uwezekano wa dengi, hasa kwa aliyewahi kuugua, kwani kingamwili zake za zamani huweza kuifunika NS1.