Kuchagua hifadhi ya pamoja kwa chumba cha kompyuta

Flashi zikizunguka kwenye mashine 20, kirusi kimoja kinatosha kuharibu kazi za muhula mzima. Dawa yake ni kuwa na mahali pamoja ambapo kompyuta zote zinasoma na kuandika kupitia mtandao wa ndani. Intaneti haihitajiki. Ila anayekimbilia dukani kuulizia bei ya kifaa cha kuhifadhia ameanzia mwisho. Anza na waya.

Tazama swichi mliyo nayo, yaani kisanduku kinachounganisha waya za mtandao za kompyuta zote. Ikiwa imeandikwa 10/100, kila poti inapitisha megabaiti 11 hivi kwa sekunde. Ya gigabiti hufika 110. Piga hesabu: mwalimu anataka mashine zote 20 zinakili video ya GB 2, yaani GB 40 zitoke kwenye seva, ile mashine inayotunza faili za wote. Kwa gigabiti ni dakika sita au saba. Kwa swichi ya zamani ni saa nzima, na kipindi ni dakika 40. Hapo hata ukinunua diski ya bei gani hupati nafuu. Nunua swichi ya gigabiti ya poti 24 na waya wa Cat5e au Cat6, usiozidi mita 100 kutoka swichi hadi mashine. Gigabiti hutumia jozi zote nne za waya, kwa hiyo kichwa kilichobanwa vibaya hurudisha mashine kwenye kasi ya zamani ya megabiti 100 kimyakimya. Rangi ya taa ya poti ndiyo itakayokuonyesha. Wi-Fi iacheni kwa simu za walimu: mashine 20 zikigombea hewa moja, kila moja hupata makombo.

Kisha nafasi. Wanafunzi 120 wakipewa GB 2 kila mmoja ni GB 240. Ongeza GB 300 za video na vitabu vya walimu, zidisha kwa mbili kwa ajili ya miaka ijayo, unapata TB 1 na kidogo. Diski mbili za TB 2, moja ikiwa kioo cha nyingine, yaani kila faili inaandikwa kwenye zote mbili, zinatosha. Windows itaonyesha 1.8, hujaibiwa, ni namna mbili tofauti za kuhesabu.

Sasa ndipo uchague kifaa. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye ruta ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ya kuepuka. Ruta nyingi za zamani zinajua toleo la kwanza tu la SMB, lugha ambayo Windows hutumia kushiriki faili kwenye mtandao, na toleo hilo kwenye Windows 10 za karibuni na Windows 11 huja limezimwa. Mtu atakushauri uliwashe. Kataa: mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kwa kupitia mlango huohuo. Kushiriki folda kutoka kompyuta ya mwalimu nako kuna kikomo, kwani Windows isiyo ya seva hupokea vifaa 20 tu kwa wakati mmoja. Cha 21 kinakataliwa, na mwalimu akizima mashine yake darasa zima linakwama.

Zinabaki njia mbili za maana. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye RAM ya GB 4, poti ya gigabiti na OpenMediaVault, programu ya bure ya Linux inayogeuza kompyuta kuwa hifadhi ya mtandao, ni seva nzuri kabisa ikiwa shuleni kuna mtu anayeielewa Linux. Mfumo wenyewe unataka diski yake pekee, na SSD ya GB 120 inatosha. Badilisha betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama, la sivyo kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma na tarehe za faili zinavurugika. Kama mtu huyo hayupo, au anahama mwakani, nunua NAS ya diski mbili, yaani kisanduku cha kuhifadhi faili kilichotengenezwa tayari kwa ajili ya mtandao, mfano za Synology au QNAP. Inakula umeme mdogo, na mwalimu yeyote anaisimamia kwa kivinjari.

Kwenye diski, soma karatasi ya mtengenezaji utafute herufi CMR, yaani diski ambayo mistari yake ya data hailaliani. Zenye SMR huandika mistari ya data ikilaliana kama mabati ya paa: kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuandika upya ya jirani. Siku diski moja ikifa, kuijaza mpya huchukua muda mrefu mno. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR.

Usinunue chochote bila UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, hasa ile yenye waya wa USB unaoiambia seva ijizime betri inapokaribia kuisha. Swichi nayo iwe kwenye UPS hiyo.

Kwenye mipangilio, ipe seva anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10, kisha tengeneza folda tatu: Masomo, ambayo wanafunzi wanaisoma tu, Kazi, yenye folda ya kila mwanafunzi na kikomo cha GB 2, na Walimu. Kwenye kila mashine fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike:

net use Z: \\192.168.1.10\masomo /persistent:yes

Tatizo litakalokusumbua zaidi ni kosa namba 1219. Windows haikubali majina mawili ya watumiaji kwenye seva moja kwa wakati mmoja, hivyo mashine iliyofungua Masomo kwa jina la darasa itamkatalia mwanafunzi folda yake. Andika net use * /delete, kisha mwanafunzi aingie kwa jina lake mwenyewe kwenye folda zote. Washa pia pipa la taka la seva kwa kila folda, kwa sababu faili iliyofutwa kupitia mtandao haiendi kwenye pipa la Windows. Inapotea moja kwa moja.

Diski pacha si nakala rudufu. Mwanafunzi akifuta, imefutwa kote kuwili. Kila Ijumaa nakili yote kwenye diski ya nje, ichomoe, uifungie ofisi nyingine. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga faili kitaifikia nayo.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, jaribu mambo matatu mbele yake. Nakili faili ya GB 2 kwenye mashine kumi kwa pamoja. Zima seva, toa diski moja, iwashe: faili zote zionekane na onyo litoke. Irudishe, na usubiri saa kadhaa mpaka kioo kikamilike. Kisha zima umeme ukutani na uhesabu dakika hadi seva ijizime yenyewe. Isipojizima, waya wa USB wa UPS haujaunganishwa, au umeunganishwa lakini hakuna aliyeuwasha kwenye mipangilio.