Kufuma glavu zisizo na vidole kwa mabaki ya uzi

Hapa Tanga mjini glavu hazina kazi, lakini mkoa wetu una Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za huko hutia vidole ganzi. Wifi yangu anauza mboga sokoni kule. Glavu nzima hazimfai, maana hawezi kuhesabu chenji wala kufunga mafungu ya karoti akiwa amezivaa. Zinazoacha vidole wazi zinamfaa, na pea moja ya mtu mzima inakula gramu 40 hadi 50 tu za uzi.

1. Chambua mabaki

Wengi huanza kupanga kwa rangi. Wewe anza na unene. Uzi mwembamba ukikaa jirani na mnene, kazi inajikunja na haitanyooka hata uifue. Mimi natumia uzi wa sweta wa unene wa kati na sindano mbili za milimita 4. Spoku za baiskeli, ambazo wengi wetu tulijifunzia, zina milimita 2 hivi. Kwa uzi huu kazi itabana na kuwa ngumu.

Kisha ujue uzi ni wa nini. Shika kipande kifupi kwa koleo ukichome juu ya sahani ya bati. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usizichanganye: sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto hunywea, akriliki hubaki ilivyo, na glavu itapinda.

Rangi zilizokolea, hasa nyekundu, loweka kipande na ukifungie ndani ya kitambaa cheupe mpaka kikauke. Kikiacha doa, uzi huo usikae karibu na rangi nyeupe.

2. Gawa kabla ya kufuma

Ukishika hatua moja tu, shika hii. Kila bonge ligawe mafungu mawili sawa, la glavu ya kwanza na la glavu ya pili, kabla hujaanzisha hata kitanzi kimoja. Asiyegawa humaliza kijani yote kwenye mkono mmoja, na pea haipatikani tena. Muuza duka mwenye mzani wa kidijitali atakupimia. Pasipo mzani, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti na uhesabu mizunguko.

Mstari mmoja hula uzi mara nne ya upana wa kazi, yaani sentimita 80 hivi. Kwa hiyo kipande cha mita 2 kinatosha kwenda na kurudi, na hapo rangi mpya itaanzia upande uleule. Rangi yenye uzi mwingi itunzie kifundo cha mkono.

3. Kifundo

Anzisha vitanzi 42 juu ya sindano zote mbili zikiwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukingo utakuwa laini na mkono utapita.

Kwenye kitanzi cha kawaida uzi unakaa nyuma ya kazi. Kwenye cha kinyume unakaa mbele. Fuma viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, hivyo hivyo mstari mzima, na umalizie na viwili vya kawaida. Ukirudi, anza na viwili vya kinyume. Endelea hadi sentimita 5. Ukanda huu ndio unaovutika na kukumbatia mkono.

4. Kiganja

Mstari wa mbele wote kawaida, wa kurudi wote kinyume, sentimita 11. Badilisha rangi mwanzoni mwa mstari wa mbele na uache mkia wa sentimita 15. Usifunge fundo, fundo kiganjani linamuumiza mtu anayebeba tenga tangu alfajiri.

Rangi mbili zikigombana, weka kati yake mistari miwili ya rangi nzito. Nyeusi au bluu ya sare za shule hupatanisha karibu kila kitu.

5. Ukanda wa juu

Rudia mtindo wa kifundo kwa sentimita 2. Ukiingiza rangi mpya hapa, mstari wake wa kwanza uwe kawaida wote, la sivyo vidoti vya rangi ya zamani vitajitokeza. Funga vitanzi kwa mkono mlegevu.

6. Kushona

Kunja kipande, kingo mbili zikutane. Kutoka kifundoni shona sentimita 9, acha 5 za kidole gumba, kisha shona 4 zilizobaki. Mikia yote ipitishe ndani ya mshono. Glavu zote mbili zinafumwa sawasawa, hakuna ya kulia wala ya kushoto.

Zifue kwa maji ya baridi na uzianike kivulini zikiwa zimelala, kwani jua letu la pwani hupausha rangi haraka.

Kwa mwanamume anzisha vitanzi 46. Kwa mtoto wa shule anzisha 34, na kiganja kiwe sentimita 8.