Breki za Cerro Negro ni nyayo zote mbili

Ukienda Nikaragua kuteleza ukiwa umekaa juu ya ubao kwenye Cerro Negro, ile volkano hai karibu na León iliyolipuka mara ya mwisho 1999, usifunge breki kwa kisigino. Mimi nilichomeka kimoja tu, ubao ukageuka ubavu, nikabiringika na kuinuka na kokoto nyeusi mpaka masikioni. Laza nyayo zote mbili chini, kushoto na kulia kwa uzito sawa, kaa wima, na kamba iliyofungwa mbele ya ubao uishike ikiwa imekazwa. Mteremko ule ni kokoto tupu zisizoshikana. Kisigino kinazama na kugeuka nanga ya upande mmoja, lakini unyayo uliolazwa unasugua juujuu na ubao unabaki umenyooka. Ukitaka kasi, fanya kinyume: egemea nyuma, inua miguu. Anza kukanyaga mapema, kabla hujaona umezidiwa. Ukishashika kasi kubwa, kukanyaga kwa ghafla kunakurusha mbele, hivyo hapo gusagusa tu, kidogokidogo. Na kama ubao umeshaanza kwenda mshazari, nyayo hazitauokoa. Jiangushe ubavuni mwenyewe ungali mwendo mdogo. Viatu viwe vya kufunika kifundo, suruali uichomeke ndani ya soksi (ndala sahau kabisa), na mdomo uufumbe. Najua utataka kupiga kelele. Vumbi lile linakwaruza meno siku nzima.