Kabureta ya Hilux 22R: kuifungua, kuisafisha na kuifunga upya

Hilux ya petroli yenye injini ya 22R, ile ya cc 2,366, haifi kirahisi. Mara nyingi kinachoifanya ionekane imekufa ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa: asubuhi haiwaki mpaka betri ilegee, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) haikai, ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndipo ivute, na petroli inaisha kabla ya safari. Hapo mwenye gari huambiwa anunue kabureta mpya. Mimi nasema asikimbilie dukani. Ile ya asili, iliyotengenezwa na Aisin, ikisafishwa kwa subira na kuwekewa gasketi mpya itamtumikia vizuri kuliko nyingi za kuiga. Za kuiga nyingi huja na jeti (vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia mafuta) zisizo na kipimo sahihi, na mtu anabaki anageuza skrubu kila wiki akitafuta sailensi isiyopatikana.

Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa mtu asiye na haraka. Anayeifanya mara ya kwanza aipe siku mbili.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la kabureta kweli

Kabureta nyingi hufunguliwa bila hatia. Kabla hujashika spana, kagua plagi, nyaya zake na kifuniko cha distribyuta. Pima tepeti (nafasi inayoachwa kwenye valvu) injini ikiwa ya moto: 0.20 mm kwa valvu za kuingiza, 0.30 mm kwa za kutoa moshi. Tepeti iliyobana huleta sailensi mbovu hata kabureta ikiwa safi kabisa.

Kisha tafuta hewa inayoingia pasipostahili. Gari likiwa kwenye sailensi, chukua chupa ya kupulizia maji na unyunyize kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, mipira ya vakyumu (ya mvuto wa hewa ya injini) na kiungo cha manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Mlio ukibadilika mahali fulani, hapo pana ufa au gasketi imekufa. Wengine hupulizia petroli au dawa ya kabureta. Usifanye hivyo kwenye injini ya moto, maana cheche moja ya waya wa plagi inatosha kuunguza gari.

Sasa zima injini, toa kifuniko cha filta ya hewa, fungua choki (kisahani cha juu kinachobana hewa) kwa kidole na uchungulie kooni huku ukivuta leva ya mafuta. Lazima uone petroli ikiruka kwa nguvu ndani ya koo la kwanza kati ya mawili. Ikidondoka tu au isitoke, pampu ndogo ya ndani ina tatizo, au bakuli la petroli la kabureta halina mafuta. Tazama pia kile kioo kidogo cha mviringo mbele ya kabureta: usawa wa petroli unatakiwa ulingane na alama ya katikati. Ukiwa juu sana, sindano ya floti (kiboya cha ndani ya bakuli) haifungi au floti imeingia mafuta. Ukiwa chini sana, angalia chujio na pampu ya mafuta kwanza.

La mwisho ni solenoidi ya kukata mafuta, ile yenye waya iliyofungwa ubavuni mwa kabureta. Fungua swichi bila kupiga stata, chomoa waya wake, kisha urudishe. Lazima isikike ikigonga "tik". Isipogonga, gari litakataa sailensi lakini litakwenda vizuri ukikanyaga mafuta, na hilo ni kosa la umeme tu. Kuna mafundi wanaoikata ncha ya solenoidi ili "isisumbue". Matokeo yake ni injini inayoendelea kutetemeka na kugonga hata baada ya kuzima swichi. Ukikuta imekatwa, tafuta nzima.

Hatua ya 2: Vifaa na mahali pa kazi

Tafuta repea kiti (seti ya gasketi na vipuri vidogo) ya kabureta ya 22R hasa, si ya "Toyota zote". Linganisha gasketi zake na za zamani kabla ya kutupa chochote. Utahitaji bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye skrubu (bisibisi pana kwenye jeti ya shaba ndiyo inayoharibu mdomo wa jeti), spana ndogo, koleo la mdomo mwembamba, dawa ya kabureta au tina safi (ile ya kuchanganyia rangi), brashi laini, sinia nyeupe, na vikopo kadhaa vya kutenganisha skrubu. Kompresa ni lazima. Kama huna, fundi pancha wa jirani atakupa upepo kwa dakika kumi.

Fanya kazi nje au penye hewa, mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara. Toa waya hasi wa betri. Petroli ya kutoa kwenye tangi usiivute kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaua.

Hatua ya 3: Kuitoa kwenye gari

Kabla ya kugusa mpira wowote, piga picha kwa simu kutoka pande zote, kisha funga kipande cha plasta kwenye kila mpira wa vakyumu na ukiandike namba. Namba hiyohiyo iandike kwenye mdomo unakotoka. Mpira mmoja ukirudi mahali pabaya utakupotezea siku nzima.

Toa bakuli la filta ya hewa, waya wa mafuta, waya wa choki kama ni ya kuvuta kwa mkono, waya wa solenoidi na bomba la petroli. Lile bolti la bomba lina washa za shaba pande zote mbili, usizipoteze. Legeza nati za kitako kwa kupokezana, kisha nyanyua kabureta ikiwa wima ili mafuta yasimwagike. Papo hapo ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi. Nati ikidondoka humo ndani, utashusha silinda hedi kuifuata.

Hatua ya 4: Kuifungua

Kabureta hii ina sehemu tatu: kifuniko cha juu chenye choki na floti, mwili wa kati wenye bakuli na jeti, na kitako chenye visahani vinavyofunguka ukikanyaga mafuta. Ifungulie juu ya sinia, kwa sababu kuna vitu vidogo vinavyoruka.

Anza na kifuniko cha juu. Chomoa pini za vile vijiti vya kuunganisha, toa skrubu, kinyanyue polepole. Kikikataa, gonga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Usiingize ncha ya bisibisi katikati ya nyuso mbili, maana madini haya ni laini na kovu lake litavujisha hewa milele. Toa pini ya floti, floti, sindano na kiti chake. Tikisa floti karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani, haifai tena.

Kwenye mwili wa kati, tambua gololi kabla hazijakukimbia. Moja ndogo iko chini ya shimo la pampu, imeshikwa na kishikizo. Nyingine iko kwenye njia ya kutolea mafuta, juu yake pana kipande kizito cha chuma au springi. Ndizo valvu za pampu ndogo, na hazilingani ukubwa. Ziweke kila moja na kikopo chake na uandike ilikotoka.

Jeti kubwa za koo la kwanza na la pili nazo hazilingani. Soma namba zilizogongwa juu yake na uziandike. Ukizibadilishana, gari litakula mafuta kupita kiasi likienda taratibu na kukosa nguvu mlimani.

Skrubu ya mchanganyiko wa sailensi ina utaratibu wake. Kwanza ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, bila kubana, andika idadi, ndipo uitoe. Ukiikandamiza ncha yake inafanya mfereji, na sailensi haitakaa sawa tena.

Hatua ya 5: Kusafisha

Sehemu ya faida yote ya kazi hii iko hapa, na ndipo wengi wanapofanya haraka.

Toa kwanza kila kitu cha mpira, plastiki na dayaframu (utando mwembamba wa mpira). Tina huvimbisha mpira na kuuharibu. Sehemu za chuma ziloweke kwenye tina au dawa ya kabureta mpaka ule utando wa kahawia ulainike, kisha zisugue kwa brashi. Usitumie kostiki wala tindikali ya aina yoyote. Mwili wa kabureta umemiminwa kwa madini laini yanayoliwa na vyote viwili, na baada ya hapo utakuta vijishimo pale palipokuwa laini.

Ukiona unga mweupe chini ya bakuli, hiyo ni kutu ya maji yaliyokaa humo. Ukiona vumbi jekundu, limetoka kwenye tangi. Kumbuka ulichokiona, tutakirudia mwishoni.

Kila tundu lina njia inayotokea mahali pengine. Puliza dawa kwenye tundu na utazame inakotokea. Isipotokea, njia imeziba. Rudia dawa, subiri, puliza upepo, ukianzia upande ambao mafuta hutokea ili uchafu urudi ulikoingilia. Vaa miwani, dawa hurudi usoni.

Jeti ya sailensi, ile ndefu nyembamba ya shaba, ndiyo huziba mara nyingi kuliko zote. Ielekeze juani uangalie. Unatakiwa uone duara safi la mwanga, si mwezi mwandamo. Ikiwa imeziba, tumia uzi wa mshipi wa nailoni au nywele moja ya waya laini wa shaba. Usiguse kwa sindano ya chuma, waya wa brashi wala keekee. Jeti ya 1.0 mm ikipanuka kufikia 1.1 mm inaonekana ni kitu kidogo, lakini eneo la tundu limeongezeka asilimia 21, na mafuta yatapita kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kabureta nyingi "zinazokunywa" zilianza kunywa siku fundi alipozichokonoa.

Hatua ya 6: Kagua kilichochakaa

Shika mhimili wa kisahani cha koo la kwanza, utikise juu na chini. Kuchezacheza kidogo si neno. Ukichezacheza kwa kuonekana, hewa inapita hapo na hakuna skrubu itakayokupa sailensi. Mpelekee mchonga vyuma mwenye mashine ya lethi akutilie bushi.

Weka kifuniko cha juu kwenye kioo bapa. Kikicheza, kimepinda kwa kukazwa kupita kiasi. Kilichopinda kidogo hunyooshwa kwa kukisugua polepole juu ya msasa laini uliolazwa juu ya kioo hichohicho.

Dayaframu ya koo la pili ijaribu hivi: sukuma mkono wake mpaka mwisho, ziba tundu la vakyumu kwa kidole, uachie. Mkono ukibaki palepale, dayaframu ni nzima. Ukirudi, imepasuka, na ndiyo sababu gari halivuti mlimani. Kipistoni cha valvu ya nguvu nacho kishuke na kupanda bila kukwama; kikigoma chini, mafuta yatamwagika muda wote.

Hatua ya 7: Kufunga

Fuata picha zako kinyumenyume. Gasketi zikae kavu, bila silikoni. Petroli huimeng'enya silikoni, na vipande vyake huishia kwenye jeti uliyotoka kuisafisha.

Tia sindano mpya na kiti chake, kisha pima urefu wa floti kwa kipimo kilicho kwenye karatasi ya repea kiti. Geuza kifuniko juu chini ili floti ilale kwa uzito wake, pima, na ukihitaji kurekebisha pinda kile kiulimi cha chuma kwa koleo. Usiisukume floti yenyewe dhidi ya sindano, utaiharibu ncha yake.

Skrubu za kifuniko zikaze kwa kupokezana pande zinazotazamana, mara mbili au tatu, kwa nguvu za vidole na kifundo cha mkono tu. Skrubu ya mchanganyiko ikaze iguse, uirudishe kwa idadi uliyoandika. Kama uliikuta imeharibiwa, anza na mizunguko miwili na nusu.

Hatua ya 8: Kuirudisha na kuiseti

Badilisha gasketi zote mbili za kile kitalu cheusi kinachozuia joto kati ya kabureta na manifoldi. Kabla ya kuwasha, jaza bakuli kwa bomba la sindano kupitia tundu lake la hewa, ili usimalize betri ukisubiri pampu. Usimimine petroli kooni wakati mwenzako anapiga stata. Injini ikirudisha moto, utakupata usoni.

Ikiwaka, tazama kioo cha bakuli na kila kiungo cha bomba. Kinachovuja kirekebishwe sasa hivi. Acha injini ipate joto kamili na choki iwe wazi, ndipo useti. Skrubu ya kasi igeuze mpaka injini izunguke kama mara 750 kwa dakika. Kisha ingiza skrubu ya mchanganyiko mpaka injini ianze kumisi, irudishe nje taratibu mpaka ipande kwenye kasi yake ya juu kabisa, na usiendelee hapo. Rudi kwenye skrubu ya kasi, shusha, rudia mara nyingine.

Wenye magari yanayohama mikoa wajue jambo moja. Hewa ya Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyosetiwa pwani itatoa moshi mweusi kidogo na harufu ya petroli ikifika huko. Iseti upya sailensi ukiwa hukohuko. Kama gari linakaa juu moja kwa moja, jeti ndogo zaidi inafaa. Kama linakwenda na kurudi, ziache jeti za asili.

Hatua ya 9: Tangi na chujio

Ule unga mweupe na vumbi jekundu vilitoka mahali. Kama tangi halikusafishwa, kabureta yako itaziba tena. Fungua bolti la chini la tangi, mwaga mafuta yote kwenye ndoo, uone yanatoka na nini. Maji yatakaa chini ya petroli na kutu itatulia kabisa chini. Suuza tangi kwa petroli safi kidogo mpaka itoke safi, puliza bomba kutoka mbele kurudi nyuma, na ufunge chujio kipya cha plastiki angavu kabla ya pampu ili uone kinachopita. Chujio hicho kikague kila asubuhi kwa wiki ya kwanza. Kikigeuka chekundu mapema, tangi linahitaji kushushwa.

Baada ya injini kupata joto na kupoa mara kadhaa, kaza tena nati za kitako, maana gasketi mpya hubonyea.