Mwanafunzi mkimya na kazi ya kikundi: ninavyofanya darasani

Utamjua tu. Daftari safi, majibu sahihi, lakini ukisema "kaeni kwa vikundi" anabaki akichezea kalamu. Nafundisha Gredi ya 5 huku Kisauni, na nimekosea mara nyingi kabla ya kufika hapa.

Hatua ya 1. Mtazame wiki nzima kabla ya kumgusa. Mapumzikoni yuko na nani? Ukimwita kutoka nyuma, anageuka? Kuna mmoja nilimhesabu mpole, kumbe sikio moja halisikii. Mwingine alihamia juzi kutoka bara, akaogopa Kiswahili chake kuchekwa.

Hatua ya 2. Mpe mwenza mmoja, si kikundi. Usimpe hodari wa darasa, atamfunika. Mtafutie mwenye subira, wasahihishiane imla kwa wiki mbili hivi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Unda kikundi cha wanne, kila mmoja ashike kitu ambacho wenzake hawana, kisha awaeleze. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alianza mbinu hii Austin, Marekani, mwaka 1971, shule za huko zilipochanganya watoto weusi na weupe wasioelewana. Mimi huitumia kufundisha historia ya Fort Jesus, ngome ya kale ya hapa Mombasa. Kadi ya kwanza: Wareno waanza kujenga, 1593. Ya pili: Waomani waizingira 1696, waiteka 1698. Ya tatu: jela wakati wa Mwingereza. Ya nne: Urithi wa Dunia, 2011. Ile ya kuzingirwa humpa mkimya, maana ndiyo yenye kisa, na wenzake watamganda wenyewe: "Ikawaje? Miaka yote hiyo walikula nini?" Lakini kwanza akae na wenye kadi kama yake kutoka vikundi vingine wajizoeze, asije akaumbuka.

Hatua ya 4. Akifaulu, usimpigishie makofi. Mnong'oneze ukipita.

Maswali

Mwalimu, wangu anaipokea kadi kisha anampa jirani asome. Nifanyeje?

Weka sharti moja kwa wote: kadi haitoki mkononi mwa mwenyewe. Akishindwa kueleza, aisome tu kama ilivyo. Kueleza kutakuja.

Mimi ni mzazi, Likoni. Binti yangu nyumbani hanyamazi, shuleni huu mwezi wa tatu hajatamka neno. Ni haya tu?

Mama, miezi mitatu si haya tu. Wako watoto ambao hofu huwafunga ulimi mahali fulani pekee, wala si kiburi. Zungumza na mwalimu wake, kisha muone daktari wa watoto akuelekeze kwa mtaalamu. Kwa sasa asitishwe, wala asihongwe peremende ili aseme.

Darasa langu lina watoto 70, madawati yamebanana. Vikundi nitavipanga wapi?

Usisogeze kitu. Wa dawati la mbele wageuke wawatazame wa nyuma yao. Wawili na wawili, wanne hao. Kelele zitakuwepo, mwombe radhi mwalimu wa darasa la jirani mapema.