Ngao nyekundu kwenye kompyuta ya ami: namna ya kung'oa antivirusi bandia

Ami yangu alinipigia simu kutoka Kibokoni, hapa Mombasa, baada ya magharibi, sauti ameishusha kama mtu mwenye mgonjwa chumbani. "Mwanangu, kompyuta ina virusi 38. Yenyewe inasema. Wanataka nilipe wayaondoe."

Nikamwambia: ami, usilipe, usibonyeze chochote, zima ile Wi-Fi, naja.

Mimi ni fundi wa kompyuta, kibanda changu kiko upande wa Mwembe Tayari, na kazi hii ya kuondoa antivirusi bandia, yaani programu ya uongo inayojidai kulinda kompyuta, huifanya kila mara. Nimeona watu wakilipa pesa ambazo hawakuwa nazo. Nimeona pia kompyuta nzima ikifutwa kwa tatizo la dakika mbili. Ndiyo maana nataka kueleza taratibu, ili uweze kuifanya mwenyewe nyumbani.

Nilipofika, dirisha lilikuwa limekaa katikati ya kioo: ngao nyekundu, mstari wa kijani unaokimbia kana kwamba unakagua, na chini yake majina ya faili yakipita moja moja. Niliyasoma kwa utulivu. Kirusi cha tatu kilidaiwa kimo kwenye diski D. Kompyuta ya ami haina D, ina C peke yake. Nikamwonyesha: inakagua chumba ambacho nyumba haina. Hapo ndipo ami alipopumua.

Kabla ya kushika chochote, jiulize kwanza hilo onyo linatoka wapi, maana kila chanzo kina dawa yake.

Huenda ni ukurasa wa mtandao tu. Kivinjari kimetanda kioo kizima, king'ora kinalia, kuna namba ya simu ya "Microsoft". Maonyo ya kweli ya Microsoft hayabebi namba ya simu hata siku moja. Shikilia kitufe cha Esc sekunde chache, kisha funga kwa Alt na F4. Kikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager (orodha ya programu zinazofanya kazi) itafunguka, chagua kivinjari kisha End task. Ukikifungua tena kikakuuliza urudishiwe kurasa ulizokuwa nazo, kataa.

Huenda pia ni vijikaratasi vinavyochomoza pembeni, chini kulia, kila dakika kadhaa: "kompyuta yako iko hatarini". Mara nyingi hivi si virusi. Kuna tovuti ilikuomba ruhusa ya kukutumia taarifa, ukabonyeza Allow ili ikuache uendelee. Kwenye Chrome ingia Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, uondoe kila tovuti usiyoijua. Kazi imekwisha, na fundi yeyote anayetaka kukufutia kompyuta kwa sababu hii, chukua kompyuta yako uondoke.

Lakini dirisha likijifungua lenyewe mara tu kompyuta inapowaka, hujagusa kivinjari, basi ni programu iliyokwisha kusakinishwa ndani. Hii ndiyo ilikuwa ya ami. Mjukuu wake alikuwa akimtafutia nyimbo za zamani za taarabu, akapakua programu ya kugeuza video kuwa sauti, akabonyeza Next mpaka mwisho bila kusoma. Programu ile iliingia na wenzake wawili.

Anza kwa kukata intaneti, kisha nakili picha na hati zako kwenye flashi. Nakili picha, hati na video tu. Faili yoyote inayoishia na .exe, yaani ya programu, iache ilipo. Hatua hii naisisitiza kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kazini niliifuta laptopu ya mama mmoja bila kuuliza, na ndani mlikuwa na picha za arusi ya bintiye ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Uso wake naukumbuka mpaka leo.

Sasa washa kompyuta katika Safe Mode, hali ambayo Windows hubeba vitu vya lazima tu, kwa hiyo yule mgeni kwa kawaida hapati nafasi ya kuamka. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart. Kwenye kioo cha buluu pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayolinda diski, usishtuke. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na unaweza kuutazama kwa simu.

Ukishaingia, fungua Task Manager uende Startup, orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Tafuta jina usilolijua, hasa lisilo na jina la kampuni pembeni. Libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open file location. Programu ya heshima kwa kawaida hukaa Program Files. Ya ami ilikuwa imejificha ndani ya AppData (folda iliyofichwa ambamo programu huweka data zao), kwenye folda yenye herufi zilizorundikwa ovyo, na tarehe yake ilikuwa ileile ya zile nyimbo. Kukaa AppData peke yake si hatia, ziko programu nzuri zinazokaa humo. Tazama jina na tarehe kwa pamoja. Iandike njia ya folda kwenye karatasi, kisha rudi Startup uizime kwa Disable.

Washa upya kwa kawaida, maana programu nyingine hukataa kuondolewa ukiwa Safe Mode. Nenda Settings, Apps, panga orodha kwa tarehe. Zile tatu zilikuwa zimefuatana kama ndugu: kigeuza video, "kisafisha kompyuta" na ile ngao. Zote tatu tukazitoa. Ikikuuliza kwa vitisho kama kweli unataka kubaki bila ulinzi, endelea. Folda uliyoiandika ikiwa bado ipo, ifute.

Kisha ukague. Windows ina antivirusi yake ya bure. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague ile ya offline. Kompyuta itajizima, ikague kabla Windows haijaamka, kwa muda wa robo saa hivi. Baada yake rudisha intaneti, mimi huongeza Malwarebytes ya bure, programu nyingine ya kusaka virusi, iliyopakuliwa kwenye tovuti yake yenyewe. Tovuti za antivirusi zikigoma kufunguka, tazama Settings, Network & internet, Proxy, yaani kompyuta ya kati inayopitisha intaneti yako; wageni hawa hupenda kuacha anwani yao pale. Izime. Na dirisha likirudi baada ya siku mbili, tafuta ndani ya Task Scheduler, mahali Windows inapopanga kazi zijianzishe zenyewe, kuna saa iliyotegwa.

Kama umeshalipa, pigia benki usiku huohuo wafunge kadi. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe. Kama ulimruhusu mtu aingie kwa mbali, toa na programu aliyoitumia. Wala usijione mjinga. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani iliamuru zaidi ya dola milioni 163 zilipwe kwa mchezo huuhuu wa kukagua kwa uongo, na waliotapeliwa walikuwa zaidi ya milioni moja. Watu hawa huishi kwa kutisha wengine, na kazi yao wanaijua.

Kitu kimoja nilimwambia ami waziwazi: Windows 10 yake iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Tumepanga kuipandisha iwe 11 nikishaongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi.

Mwisho tukaizima na kuiwasha mara mbili, kila mara tukisubiri dakika kumi. Ami akamimina kahawa, macho kwenye ile pembe ya kulia. Hakikuchomoza kitu. Nikachomoa flashi, nikampa mkononi picha zake.